Jiwe la Zambarau

Kobe alikimbia.

Si kwa kupenda. Goti lake la kushoto lilikuwa limeshastaafu. Mwenyewe bado yumo kazini. Mbele yake dalali wa vito alipenya katikati ya abiria na masanduku yao, akiukimbilia mlango wa kupandia ndege.

"Kobe, umemwona?" Mkuu wake aliuliza kwenye kifaa cha sikioni.

"Namwona mgongo."

"Akiruka na hilo jiwe, mlinzi wa ghala amekwisha."

Mlinzi wa ghala la vito alikuwa shemeji yake Kobe, mume wa dada yake mkubwa. Jiwe la yakuti lilipoibwa humo, Kobe, akiwa mpelelezi, ndiye aliyetumwa kumtia pingu. Tangu siku hiyo alikuwa amechoka, na usingizi haukumsaidia.

Alimnasa dalali mlangoni, akamsukumia ndani ya chumba cha chai cha wafanyakazi. Mkono mmoja ulishika bastola ya Glock. Mwingine ulifungua kimfuko cha ngozi.

Yakuti moja. Ya bluu.

Dalali akacheka. "Picha ya jiwe mmebandika kila mahali, mzee. Mnatafuta ya zambarau."

Kweli. Jua la mchana lilijaa dirishani na jiwe lilikuwa bluu kama wino. Kobe akawasha tochi mpya ya ofisini, ile ya mwanga mweupe iliyosifiwa mno. "Bluu vilevile," akamwarifu Mkuu.

"Mwachie," Mkuu akasema. "Tumenoa."

Kobe akakaa. Ile picha ilipigwa ndani ya ghala. Ghala halina dirisha, na balbu zake ni za zamani, za manjano, zinazounguza vidole. Na ziko yakuti chache zenye vituko: juani bluu, chini ya taa ya namna hiyo rangi nyingine.

Akazima tochi. Akashusha pazia. Akafungua friji kuukuu ya chai, na kibalbu cha manjano kikawaka juu ya maziwa.

Jiwe likawa zambarau.

"Tuelewane, kaka," dalali akanong'ona.

"Nani alikutolea jiwe hili ghalani?"

"Mthamini wa ghala. Mlinzi hajui lolote."

Mkuu alisikia yote. Pingu zikalia.

Kobe akampigia dada yake.

"Dada, mumeo anatoka leo. Hana kosa."

"Nilikwambia hivyo siku ile, ukanisukuma kando."

"Najua, dada."

"Ulimfunga mbele ya wanangu. Umlete mwenyewe, wakuone."

Simu ikakatika.

Kobe akavaa miwani nyeusi, akatoka nje akichechemea, bila haraka. Amewahi kuelekezewa bunduki akapiga miayo. Leo aliwaogopa wapwa zake wawili.