Karatasi Mbili za Mama Clemence

Bernadina wa Sigino aliamka akakoroga uji. Akafagia uwanja, akawapa kuku pumba. Kila hatua alishika ukuta. Jirani akimwuliza hali, alijibu, "Namshukuru Mungu." Jamani, sisi watu wa huku! Roho iko shingoni, bado mtu anasema mzima. Wahenga walituonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Bernadina alikuwa na saratani ya kizazi. Kwa mwaka mzima, kila mwezi mumewe, Nestory, alimpeleka kliniki mjini Babati, na daktari akiuliza hali, yeye ndiye aliyejibu. Safari hii nesi Anifa aliwapa karatasi mbili za maswali.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Tunataka kujua mgonjwa anaishije na ugonjwa wake."

Nestory alishika kalamu, kama kawaida yake. Karatasi ya kwanza ilikuwa na maswali matano. Anatembea? Anaoga mwenyewe? Anafanya kazi zake? Ana maumivu? Ana hofu? Akajaza upesi: hana shida, hana shida, mpaka mwisho. Kisha simu yake ikalia, akatoka nje.

Ya pili Bernadina aliijaza mwenyewe, polepole. Iliuliza kuhusu usingizi, chakula, damu na maumivu ya kiuno.

Nesi Anifa aliziweka karatasi pamoja, akazisoma mara mbili.

"Mama Clemence, hii inasema huna maumivu. Hii inasema hujalala wiki nzima. Niamini ipi?"

Bernadina akaanza kulia. "Hiyo ya pili, mwanangu. Ya kwanza kajaza Baba Clemence. Mimi naona kulalamika ni kukufuru."

"Mungu hakasiriki mtu akisema anaumwa, mama. Hii fupi ni ya ugonjwa wowote, inauliza hali ya leo tu. Hii ndefu ni ya ugonjwa wako, inauliza wiki nzima. Tunazilinganisha kwa sababu moja huona jambo ambalo nyingine hailioni. Lakini zote zinataka jibu lako wewe. Maumivu hayana msemaji."

Nestory alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Wiki nzima? Mbona tunalala kitanda kimoja?"

"Si wiki tu, ni mwaka mzima. Nilikuwa nauma kanga, nisikuamshe."

Nestory alikaa kwenye benchi, akajifunika uso. "Nisamehe, Bernadina. Nilikuona unapika, nikajua huumwi."

Siku ileile daktari aliandika dawa ya maji ya kutuliza maumivu.

"Haiponyi saratani," nesi Anifa aliwaambia ukweli. "Lakini mama atalala."

Kweli alilala. Alianza kula ugali kidogo. Kliniki zilizofuata, Bernadina alijibu karatasi zote mbili peke yake. Nestory alisubiri nje.

Bernadina alifariki mwezi wa nne tangu aanze dawa, mchana, mumewe akiwa pembeni yake. Msibani watu walimfariji Nestory kwamba mkewe alipumzika kwa amani.

"Miezi mitatu ndiyo alilala," Nestory alisema. "Mwaka mzima kabla ya hapo hakulala. Na mwaka huo wote, mimi ndiye niliyekuwa namjibia."