Mke Aliyekuja na Toleo Jipya

Siku ya kuhakiki taarifa za wafanyakazi, foleni ilianzia dirishani kwa karani wa ajira hadi kwenye ngazi, na kompyuta ikaganda. Ndipo akatokea fundi wa kanzidata, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtiririka.

"Dada, vumilia. Tumeanza kuhamishia kumbukumbu zote kwenye wingu, yaani ghala la mtandaoni."

"Wingu? Basi harakisha, kaka, hawa watanila nyama!"

Wakacheka, na mambo yakaanzia hapo. Miezi mitatu ya simu za "umekula, mpenzi?" na gauni la njano lisilopumzika, kwa kuwa fundi alilisifia mara moja tu. Wakapanga Jumapili fundi aende kujitambulisha kwa mama yake karani.

Ijumaa toleo jipya la mfumo wa taarifa likafunguliwa. Karani, kwa kiherehere tu, akatafuta jina la mpenzi wake. Ndoa: ameoa. Watoto: wawili.

Lo! Fundi alipopiga simu, karani akapokea mara moja tu.

"Msalimie mkeo."

"Mke gani? Mpenzi, unaumwa?"

Akakata. Na mimi ningekata, nisiseme uongo. Jumapili ikapita bila mgeni. Siku tisa fundi alizunguka kama kuku aliyekosa banda, akijiuliza ameoa lini.

Siku ya kumi akaja dirishani. "Niambie kosa langu, hata kama ni kubwa."

Karani akamgeuzia kioo cha kompyuta. Fundi akashika kichwa. "Toleo hili linatunza historia ya kila taarifa. Bonyeza hapo."

Akabonyeza. Taarifa iliandikwa na fundi mwenyewe, siku moja kabla ya foleni ile, kwa majaribio. Mke alizaliwa tarehe mosi Januari, mwaka 1900. Watoto nao siku hiyohiyo.

"Nilibuni familia nione kama mfumo utaipokea. Nikaifuta kwenye mashine ya zamani, kumbe wingu limeshachukua nakala!"

Karani akacheka, akalia, hakujua aanze na lipi. Akampigia mama yake.

"Mama, yule mke hayupo."

"Amefariki?"

"Hapana. Hakuwahi kuzaliwa."

"Na watoto?"

"Nao vilevile."

"Mwanangu, u mzima kweli? Hebu nipe huyo mwanamume."

Fundi akapokea simu huku amesimama wima, kana kwamba mama anamwona. "Shikamoo, mama. Sina mke. Naomba nije kumposa binti yako."

"Marahaba. Sijaelewa hata neno moja, lakini njoo."

Karani akainyakua simu. "Mama! Mbona mimi hamjaniuliza?"

"Umelia siku tisa hapa kwangu. Nikuulize nini tena?"