Koroga Hivyo Hivyo

Haya alinisimulia rafiki yangu mmoja, muuguzi, na si mtu wa porojo. Ilikuwa sikukuu yake ya kwanza ughaibuni. Alikuwa amewaalika wenzake wa wodini, ingawa mchuzi wa sikukuu hakuwahi kuupika peke yake. Basi akampigia shangazi yake, akaiweka simu mezani, sauti juu, akawa anapika kwa kuelekezwa.

Kiza cha kule huingia mapema. Kabla kuku hajaiva, umeme ukakatika, jiko likazima, jikoni kukawa giza totoro.

"Shangazi, umeme umekatika. Ngoja nitafute mshumaa."

Akapapasa ukuta hadi sebuleni, akaanza kupekua droo. Kutoka jikoni akamsikia shangazi akisema, "Hapo sawa, mwanangu. Koroga hivyo hivyo, taratibu, usije ukavuruga nyama."

Rafiki yangu akacheka. "Shangazi nawe! Mimi niko sebuleni."

Ndipo rafiki yangu naye akasikia: mwiko ukikwaruza sufuria, kwaru, kwaru, bila haraka.

"Mwanangu," shangazi akanong'ona, "uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Mkwaruzo ukakoma. Papo hapo umeme ukarudi. Alijikaza akaenda jikoni. Hakukuwa na mtu. Mwiko ulikuwa mezani, pale pale alipouacha.

Akachungulia ndani ya sufuria. Mchuzi ulikuwa bado unazunguka.