Simu Niliyoandika Kuwa Imekufa Ililia Kanisani

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na tano, naishi Kijenge hapa Arusha. Nina afya, nina kazi na nina mdomo... huo mdomo ndio uliotaka kuniponza. Kama umefungua ukurasa huu ukitafuta mwanamke wa kumhurumia, pita. Mimi sitaki pole ya mtu!

Nilizaliwa milimani Meru, kwenye kahawa na migomba, kwenye familia ya Kilutheri. Nilipomaliza kidato cha nne baba hakuwa na uwezo wa kuniendeleza, nikaenda kupika kwa watawa wa Kihispania waliokuwa na zahanati huko kwetu. Mama alinung'unika sana, eti watanirudisha nikiwa Mkatoliki. Loh! Walinirudisha nikiongea Kihispania! Kulikuwa na sista mmoja mzee ambaye akikasirika haongei lugha nyingine, na alikuwa anakasirika kila siku, basi nikajifunza upesi.

Hiyo ni miaka ile soko huria lilipofunguliwa, kila mwenye ndugu nje akawa mfanyabiashara. Simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia mjini, watu wanazining'iniza shingoni, na kumbipu mwenzako ilikuwa starehe kamili. Kihispania changu kikanipatia kazi kwenye kampuni ya watalii. Nikapanga chumba Kijenge. Na nikapata mchumba.

Nitamwita Elibariki. Alikuwa fundi simu Kaloleni, hapa hapa mjini, kijana wa usharika wetu wa huko huko milimani. Alikuwa anafungua simu taratibu kama mtu anayemenya yai. Nilimpenda jamani! Nilikuwa napika chakula cha watu wawili hata siku ambazo nilijua haji.

Mimi ndiye niliyemkutanisha na Bwana Anselmo, Mhispania mtu mzima aliyepanga nyumba Kisongo. Alikuwa analeta simu zilizotumika kutoka kwao. Kiingereza hajui, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Makubaliano yake na wenzake wa huko yalikuwa hivi: simu zinazoweza kupona, Elibariki anazitengeneza, zinauzwa hapa. Zilizokufa kabisa zinarudishwa, nao wanaleta nyingine badala yake. Lakini kila inayorudi lazima iwe na kikaratasi cha Kihispania kinachoeleza ugonjwa wake.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipohitajika. Mafundi wa Kaloleni walikuwa na Kiingereza chao cha kazini. Jioni nilikuwa nakaa kwenye stuli, Elibariki anafungua simu na kunitajia: hii dedi, imekufa kabisa, hii inahangi, inaganda ganda, hii inakunywa chaji, hii imekuwa briki, yaani tofali. Mimi naandika kwa Kihispania. Mwanzoni nilivuruga! Niliandika tofali kama lilivyo, Bwana Anselmo akadhani nazikejeli simu zake kwa ukubwa, akanuna siku nzima. Nikajifunza kuuliza: tofali maana yake nini hasa? Haiwaki kabisa, au inawaka halafu inagoma? Nikawa naandika kinachotokea, naachana na majina ya utani.

Tena simu zilikuwa zinafanana, nikajikuta naiandikia moja mara mbili. Nikajiwekea utaratibu. Nikishaandika, natoa betri na kuweka tone la rangi ya kucha nyekundu pale chini yake. Elibariki alinicheka sana. "We mwanamke, unazipamba simu? Zinakwenda harusini?" Nami nacheka naye. Kumbe!

Zilizokufa alizifunga mwenyewe kwenye maboksi na kuyapiga gundi. Yalikuwa yanalala chumbani kwangu kusubiri ndege, maana Kaloleni vibaka walikuwa wanavunja maduka. Kanisani ndoa yetu ilikuwa imeanza kutangazwa. Nilitembea kichwa juu!

Siku moja nikaitwa ofisini kwa bosi wangu. Nikamkuta Bwana Anselmo amevimba, pembeni yake mwongoza watalii mmoja anayejua Kihispania, na Elibariki ameketi. Nikaambiwa wenzake kule wamefungua maboksi na kukuta makopo matupu ya simu mbovu ambazo hawakuzileta wao. Zile zao ziko wapi?

Nikamgeukia mchumba wangu nikijua atanitetea. Hakunitazama. Alimtazama yule mwongoza watalii, akasema kwa Kiswahili safi, "Mimi nilimtajia matatizo madogo madogo tu. Kwamba zimekufa, alisema yeye. Na maboksi yalikuwa yanalala kwake."

Nikasikia. Halafu yule bwana akayageuza kwa Kihispania, nikasikia tena. Wasomaji, mnajua kusalitiwa kwa lugha mbili kulivyo? Wenzangu huwa mnachomwa mara moja, mimi nililetewa na tafsiri yake! Na tafsiri ilikuwa sahihi, hata sikuwa na pa kumkosoa.

Nilipiga kelele kwa lugha zote nilizonazo, na kwa hasira hata yale matone yangu sikuyakumbuka. Nani anisikilize? Anselmo alikuwa hasikii hata neno moja la Elibariki ila kupitia kwangu, sasa mimi ndiye mwongo... Bosi akaniambia nipumzike nyumbani. Kampuni nyingine nazo zikanifungia milango, maana Wahispania wa mji huu wanajuana wote. Jumapili iliyofuata ndoa yetu haikutangazwa. Mama yake Elibariki aliwaambia akina mama nje ya kanisa kwamba hawezi kuingiza mwizi kwenye boma lake.

Nikarudi milimani kwa wazazi. Nikiingia dukani kununua sabuni, mazungumzo yanakatika. Mama alinisihi nisiende kanisani mpaka mambo yapoe. Nikamwambia, mama, nisipokwenda watasema ni kweli! Nikaenda, nikakaa benchi la mbele kabisa. Nililia, ndiyo, lakini nililia shambani kwa baba, siyo mbele yao.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Kwetu watu hutoa sadaka ya mazao, na baada ya ibada yananadiwa. Mvua ilikuwa inanyesha, mnada ukafanyika mle mle ndani. Elibariki akaingia na suti, akaweka kati ya mikungu ya ndizi na kuku... simu! Vigelegele vikapigwa. Akachukua simu yake nyingine, akaibipu ile ya mezani, ikalia kanisa zima likasikia. Watu wakamsifu Mungu!

Sasa mnadishaji wetu, mzee Nderingo, alikuwa na tabia yake. Hanadi kitu bila kukionyesha nje na ndani. Parachichi atalipasua, asali ataionja, kuku atampuliza manyoya watu waone alivyonona. Akaigeuza ile simu, akavua mfuniko, akachomoa betri, akainua juu. "Na hiki chekundu ni nini? Nayo inavuja damu?"

Miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia. "Shikamoo mzee," nikasema. "Hiyo ni rangi yangu ya kucha."

Nikaendelea. Nikasema simu hiyo niliiandikia mimi kikaratasi kwamba imekufa, bodi imeungua, kama nilivyotajiwa na huyo aliyeitoa sadaka. Leo imefufukaje? Elibariki akacheka kwa shida, akasema rangi ya kucha kila mwanamke anayo. Nikamwambia sawa, basi liambie kanisa umeitoa wapi. Akasema Dubai. Mzee Nderingo akamuuliza alikwenda lini Dubai. Akasema hapana, aliinunua kwa mteja... Mama yake akainamisha kichwa.

Hapo mama yangu, ambaye huwa haongei kanisani hata kidogo, akanyoosha mkono na kutaja dau. Hakuna aliyethubutu kupandisha. Akaichukua simu, akanipa mkononi. "Nenda Kisongo," akasema.

Nikaenda. Bwana Anselmo alikuwa ameniona mara nyingi nikiweka yale matone. Alipoona lile jekundu alikaa chini. Akaenda Kaloleni na mwenyekiti wa mtaa, wakakuta chini ya kaunta simu zake nyingine, zote zina tone langu na zote zinawaka. Mwenzangu alikuwa ananitajia kifo cha simu nzima, kisha anajaza maboksi makopo ya simu mbovu za wateja wake.

Anselmo akataka kuniomba radhi pale pale Kisongo. Nikakataa! Nikamwambia atakuja ofisini, aseme mbele ya bosi na yule mwongoza watalii. Akaja. Akasema kwa Kihispania, na mimi mwenyewe nikayageuza kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kuongeza neno hata moja. Nikarudishiwa kazi yangu.

Halafu Elibariki akaja kwetu na wazee, ameshika jani la isale. Huku kwetu ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Nimekusamehe." Mama yake akaanza vigelegele. Nikamwambia, "Mama, subiri, sijamaliza. Isale linaomba msamaha, haliombi mke." Wazee wakaguna. Baba alitazama nje, lakini nilimwona akitabasamu.

Mabinti, wadogo zangu, nawasihi. Mtu unayempenda akikuomba umsemee, usione haya kumwambia akuonyeshe kwanza. Mimi niliandika vifo vingi, na sikuwahi hata mara moja kubonyeza kitufe cha kuwashia nione mwenyewe! Niliona nikibonyeza nitamvunjia heshima. Heshima gani? Yeye alisita wapi kunivunjia yangu?

Niliolewa baadaye na mwingine, na huyo nilimwambia mapema kwamba simsemei kitu ambacho sijakiona. Kazi ya lugha naifanya mpaka leo. Akija mtu na kitu chake anataka nikiseme kizuri au kibaya, namwambia washa kwanza nione. Na kucha zangu bado napaka nyekundu. Anayekerwa asiziangalie!