Moshi Nyuma ya Karakana

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na hata pale karakanani aliongea huku mikono ikifanya kazi. Aling'oa pini kwenye makochi ya zamani kwa koleo, akazitia kwenye kopo, kisha akakunja vitambaa vilivyobanduliwa. Baba yake alikuwa fundi makochi. Watu walimwita Fundi tu, na kwa miaka mingi walimtania kwamba kochi lake likishamhimili yeye mwenyewe, halivunjiki tena hata likikaliwa na tembo.

Maana Fundi alikuwa mnene hasa. Siku sukari ilipompanda akaanguka kazini, madaktari walimwambia apunguze mwili la sivyo asingefika mbali. Akapunguza. Kwa miaka miwili alitembea kila alfajiri, akaachana na soda na mafuta mengi, na kilo sitini zikaondoka. Ngozi lakini haikuondoka nazo. Ilibaki ikining'inia tumboni kama aproni, na kwenye mikunjo yake jasho lilimchoma hadi vidonda. Ndipo daktari wa upasuaji akakubali kuikata ile iliyozidi.

Daktari huyo, mama mmoja mwenye sauti ya chini, hakuwaficha kitu. Aliwaambia Fundi na mkewe, Chiriku akiwa amekaa kando, kwamba huo si upasuaji mdogo. Mshono ungetoka nyonga moja hadi ya pili. Damu ingeweza kuganda miguuni, majimaji yangeweza kujaa chini ya ngozi, kidonda kingeweza kuachia au kuoza. Halafu akauliza juu ya sigara, na Fundi akakiri kwamba anavuta. Daktari akamtaka aache wiki sita kabla ya upasuaji na wiki sita baada yake, kwa kuwa moshi hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi isiyopata damu hufa.

"Sikwambii upunguze," alisema. "Nakwambia uache."

Fundi aliahidi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Chiriku alikwenda nyuma ya karakana kumwaga takataka, akamkuta baba yake amechuchumaa ukutani, sigara vidoleni. Fundi hakushtuka wala hakuitupa. Alimweleza kwa upole kwamba ni moja tu kwa siku, kwamba binadamu hawezi kuacha kula na kuvuta kwa mpigo, na kwamba mama akijua atajitia presha bure.

"Hii ni siri yetu," alisema. "Sawa, mwanangu?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akamwaga takataka zake. Muhula uliopita alidanganya kuhusu alama zake za hesabu, na baba huyu huyu alimshika mkono hadi ofisini, akamlazimisha kuomba radhi mbele ya walimu wote. Njia nzima ya kurudi alihubiriwa juu ya ukweli. Leo ukweli umekuwa kitu cha kufichwa.

Asubuhi ya upasuaji daktari aliuliza tena. Fundi, akiwa tayari na gauni la hospitali, alijibu kwamba huu ni mwezi wa pili hajagusa sigara. Kisha akamtazama binti yake. Chiriku akainamisha macho, na kitanda kikasukumwa ndani.

Baada ya siku nne Fundi alirudi nyumbani amefungwa mkanda mpana, anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Tumbo lilikuwa bapa. Majirani walikuja kumpa pole na kumsifu, naye alicheka nusu nusu, maana kucheka kulivuta mshono. Lakini Chiriku alianza kusikia harufu mbili. Moja ilitoka bafuni kila baba alipochelewa humo, na hiyo aliijua. Nyingine ilitoka chini ya bandeji, nzito, kama nyama iliyosahauliwa. Mama alipobadilisha bandeji siku ya tatu tangu arudi, alikuta chini ya kitovu ngozi imekuwa nyeusi, upana wa kiganja. Fundi akasema ni damu iliyovilia tu, itapotea yenyewe, na kwamba kliniki ni wiki ijayo, hakuna haja ya kuwasumbua watu.

Mama alitaka kumwamini. Alikuwa ameshaanza kuifunga tena ile bandeji. Hapo hasira iliyokuwa ikimjaa Chiriku kwa wiki nzima ikamfika utosini.

"Anavuta," alisema. "Anavuta bafuni. Alikuwa anavuta hata kabla. Nilimwona kwa macho yangu."

Fundi alimwamuru afunge mdomo na atoke nje. Mama alimtazama mumewe, kisha akamgeukia Chiriku.

"Kumbe ulijua? Ukaniacha nimpeleke hivyo hivyo?"

Swali hilo lilimchoma kuliko ukali wa baba. Alitoka, akaupiga mlango teke, akalia uani kwa hasira. Alimkasirikia baba aliyemtwika mzigo, akamkasirikia mama aliyemlaumu kwa mzigo usio wake. Na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, maana siku ya upasuaji neno moja tu lingetosha.

Mama hakupoteza muda. Nusu saa baadaye walikuwa ndani ya teksi, wote watatu.

Daktari alifungua bandeji, akatazama kwa muda mrefu. Alipouliza juu ya sigara, Fundi alikohoa, akaanza kuzungukazunguka na maneno. Chiriku akamkatiza.

"Hakuacha, daktari. Na mimi nilijua, nikakaa kimya."

Daktari alikasirika, lakini sauti yake ilizidi kushuka. "Ungeniambia ukweli, Fundi, ningeahirisha tu. Ngozi ile ingekungoja hata mwaka. Sasa iliyobaki imekufa mwilini mwako, na wewe una sukari. Hii ikioza hadi kwenye damu, tunakuzika." Akavua glavu zake. "Halafu ukamfunga mtoto mdomo akusaidie kujiua."

Alasiri hiyo hiyo walimrudisha kwenye chumba cha upasuaji. Ngozi iliyokufa ikakatwa, na kidonda kikaachwa wazi kipone kuanzia ndani. Karakana ilifungwa, wateja wakaja kuchukua makochi yao yakiwa nusu uchi. Kila siku ikawa safari ya hospitali kuosha kidonda, na kila siku Fundi aliuma meno. Sigara aliacha kweli safari hii, kwa dawa na mshauri aliyepewa na hospitali. Ila hakumsemesha binti yake. Chiriku naye alimwamkia asubuhi kwa kuwa adabu ni adabu, basi.

Wiki ya tano, mama akiwa kazini, Chiriku ndiye aliyemsindikiza. Nesi wa vidonda, mwanamke asiyejua kupamba maneno, alikagua, akasema hatari imepita na kidonda kitafunga. Kisha akasema kwamba wangechelewa siku mbili tu, yeye asingekuwa anafunga bandeji, angekuwa anafunga sanda. Akauliza ni nani aliyewaharakisha.

Fundi alimwonyesha Chiriku kwa kidevu. "Huyu binti yangu," alisema. "Nami nimemnunia mwezi mzima kwa hilo."

Nesi akamwambia kununa hakutibu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Walipofika kwenye benchi la ukumbini, Fundi alikaa taratibu, akamwomba Chiriku naye akae.

"Nilimdanganya daktari nikidhani namdanganya yeye," alisema. "Kumbe mwili unaoumia ni wangu. Daktari huchukua kisu kwa kuamini ulichomwambia. Ukimpa uongo, kisu kinakata kwenye uongo. Na wewe nilikukosea zaidi. Siri inayoweza kumdhuru mtu si siri ya kutunzwa, hata kama aliyekupa ni baba yako. Siku nyingine mtu mzima akikupa siri ya namna hiyo, kaiseme. Nisamehe, mwanangu."

Chiriku alitazama ukuta uliokuwa mbele yao.

"Bado nimekasirika, baba."

"Najua. Una haki."

Wagonjwa wawili walipita na fimbo zao. Chiriku akasimama, akampa baba yake bega la kuegemea, na wakaanza kushuka ngazi, moja baada ya nyingine.