Nani Anamaliza Grisi ya Kikongwe?

Apa kwanza. Weka kidole mdomoni. Hii ni siri.

Wanaoijua ni watu watatu tu. Na muuza maziwa. Na kwaya nzima ya kanisa. Haya, sogea.

Mshai aliishi juu kabisa milimani, Taita. Shangazi yake, Saru, alikuwa na gari kuukuu la dizeli. Jina lake Kikongwe.

Kikongwe alipanda mawe. Alivuka matope. Akiamka, alikohoa kwanza. Kho! Kho! Dudududu!

Kila asubuhi Shangazi aliingia chini ya gari.

"Mbona halijaharibika, Shangazi?"

"Ndiyo maana naliangalia leo. Haya, nikitaja, wewe angalia ujibu!"

"Oili?"
"Ipo!"
"Maji?"
"Yapo!"
"Grisi?"
"Ipo!"

Shangazi alipaka grisi kwenye viungo vya Kikongwe. Kwii, kwii ikanyamaza.

Jumatatu, grisi ilipungua.

"Mshai, umeipaka kwenye mkate?"

"Hapana, Shangazi."

Jumanne, ikapungua tena.

"Ni panya," alisema Babu Mwadime, baba yake Shangazi. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatano ilikuwa siku ya safari. Mama alikuwa amejifungua, hospitalini, kule bondeni. Mshai alikuwa hajamwona mtoto hata ukucha. Leo wangewaleta nyumbani.

Majirani walijaa uani. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kwenda.

"Oili?"
"Ipo!"
"Maji?"
"Yapo!"
"Grisi?"

Mshai akatafuta huku na huku.

"Shangazi, hata kopo halipo."

Shangazi alitoka chini ya gari. "Viungo vimekauka. Bila grisi hatushuki mlima huu."

Mama anangoja. Mtoto anangoja.

Mshai akatazama chini. Kumbe, doa la grisi! Mbele yake, doa jingine. Doa. Doa. Doa.

Mshai akayafuata. Shangazi akamfuata Mshai. Majirani wakamfuata Shangazi. Nani angekubali kubaki?

Madoa yakaishia nyuma ya banda la kuku.

Babu Mwadime alikuwa ameketi juu ya ndoo. Suruali ameikunja mpaka mapajani. Mkono mmoja ndani ya kopo. Mkono mwingine kwenye goti.

Kuku wote walimtazama. Majirani wote walimtazama.

"Babu!" alisema Mshai.

Babu hakuwa na pa kuficha mikono.

"Kikongwe akilia, mnampaka grisi," alisema. "Magoti yangu yakilia, mnaniambia nikae!"

"Na yamenyamaza?" aliuliza jirani mmoja.

Babu akasimama polepole. Watu wote wakatega masikio.

Kwiiii.

"Bado kidogo," alisema Babu.

Mshai akachungulia ndani ya kopo. "Shangazi! Imebaki ya kutosha! Tunaenda!"

Shangazi akalichukua kopo. Hakucheka. Alijaribu sana kutocheka.

"Baba, nenda ukanawe. Mara tatu. Leo unampakata mjukuu."

Babu akapita katikati ya watu wote, mikono juu, magoti yaking'aa kama sufuria mpya.