Supa ya Kisumu

Kelele aliyoipiga Phanuel Osundwa Jumamosi ile ya soko iliwafanya akina mama waliokuwa wanavuka barabara na vikapu vyao wasimame.

"Wewe! Toa hiyo kitu! Toa!"

Mhudumu wa kituo cha petroli, kijana mpole aitwaye Kibiwott, alikuwa ameshika bomba la petroli ya regula, tayari kulitumbukiza kwenye tangi la gari aina ya Jagua, la kijani. Akarudi nyuma. Msichana aliyekuwa anangoja zamu yake na mtungi wa plastiki mkononi akaangua kicheko.

"Pole, kaka. Nilidhani mtoto amekanyagwa."

Phanuel akageuka. Msichana alikuwa amevaa gauni la manjano lenye mkanda mpana kiunoni, viatu vya soli nene, na nywele zake amezichana zikawa duara kubwa kama taji. Hasira za Phanuel zikaisha hapohapo.

"Hii inakunywa petroli ya supa peke yake, dada."

"Kwani ina tumbo la kichanga?"

"Usicheke. Injini yake inabana mafuta kwa nguvu sana. Regula ina oktani ya chini, haivumilii kubanwa. Inalipuka kabla ya wakati wake, halafu ndani kunagongagonga mpaka pistoni zinatoboka."

"Haya, daktari. Basi mimi nipewe regula yangu. Mashine ya maji ya chuo haina maringo."

Jina lake lilikuwa Pascalia Kageha, mwalimu katika chuo cha kilimo kule Bukura. Phanuel alijitolea kumbeba na mtungi wake mpaka huko, na njia nzima Pascalia akamtania: gari lina harufu ya ngozi kama duka la viatu, dereva amevaa shati la kola ndefu kama masikio ya sungura. Phanuel alicheka mpaka karibu apitilize lango la chuo.

Miaka hiyo miwa ilikuwa imeinyanyua nchi nzima ile. Kila aliyelipwa alishuka mjini kununua mabati, redio au suti. Phanuel, msimamizi wa karakana ya matrekta kiwandani, fedha zake zote alizimaliza kwenye Jagua ile. Aliikuta Lugari, kwa Mzungu aliyekuwa anahama, imekufa chini ya mavi ya kuku. Akaifungua injini mwenyewe, akaagiza pistoni ng'ambo, na alipoiwasha kwa mara ya kwanza mbele ya nyumba yake mtaani Amalemba, alilia. Hilo hakumwambia mtu ila Pascalia.

Mapenzi yao yalipita kwenye simu ya ofisi ya chuo, karani akijifanya hasikii.

"Umekula?"

"Nimekula ugali na kuku. Wewe je, Bwana Jagua?"

"Mimi nakula sauti yako tu."

"Basi utakonda, mpenzi wangu!"

Jumapili baada ya kanisa walikwenda Lugari kwa baba yake Pascalia, Mzee Barnaba, mkulima wa mahindi, mjane mwenye maneno machache. Mzee alimpenda kijana huyu. "Mlete mama yako tuongee," alimwambia siku moja, na Pascalia akakimbilia jikoni kwa aibu.

Kisha mafuta yakaadimika nchini. Na katikati ya uhaba huo, adhuhuri moja, simu ikalia karakanani.

"Osundwa, ni mimi." Sauti ilikuwa imepasuka. "Baba amezidiwa. Jirani amepiga simu, anasema ananiita, ananiita tu jina. Njoo unichukue."

"Nakuja, kipenzi. Nisubiri langoni."

Mafuta yaliyobaki tangini yangetosha kufika Kisumu tu, si Bukura kisha Lugari. Kituoni, Kibiwott alitikisa kichwa.

"Supa imekwisha, bosi. Iko regula tu."

Phanuel akasimama pale, mkono juu ya boneti yenye joto.

"Weka hii," Kibiwott akasema. "Watu wa supa wanawekanga hii siku hizi. Usiikanyage tu kwa mlima. Utafika."

Alijua ni kweli. Alijua pia angeweza kuzichelewesha kidogo cheche za injini kwa bisibisi, aende taratibu, injini isidhurike. Lakini akaziona zile pistoni, akaikumbuka miezi aliyolala na grisi mikononi. Akajiambia kwamba Kisumu si mbali, na kwamba akishapata supa, mwendo wa Jagua ungeufidia muda wote. Akageuza gari kuelekea Kisumu.

Kisumu foleni ilikuwa inazunguka jengo zima. Alipopata mafuta, jua lilikuwa limeinama. Akaruka barabarani kama mshale. Bukura, mlinzi akamwambia mwalimu alisimama langoni mpaka akachoka, akapanda lori la magunia. Akaongeza mwendo. Injini ilikuwa inaimba vizuri kuliko siku zote.

Alipofika Lugari, alisikia vilio kabla hajazima gari. Pascalia alikuwa ameketi chini mlangoni, bila viatu, vumbi la lori bado nyweleni.

"Amekata roho nikiwa njiani," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Gari liliniharibikia."

Neno lilimtoka tu. Pascalia akaushika mkono wake, akauweka shavuni.

"Pole, mpenzi. Umeteseka peke yako barabarani."

Phanuel alitamani ardhi impasukie.

Walizika. Miezi ikapita, wakaanza hata kuitaja harusi. Kisha siku moja Pascalia alikwenda tena kituoni kuchukua mafuta ya chuo, na Kibiwott, kwa nia njema kabisa, akampa pole ya baba yake. Akaongeza kwamba siku ile alimwambia bosi aweke regula, bosi akakataa.

Jioni hiyo simu ikalia.

"Osundwa. Siku ile regula ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Ingetufikisha?"

"Kwa mwendo wa pole... ingetufikisha."

"Na gari halikuharibika."

"Halikuharibika."

"Mimi nilikupa pole," Pascalia alisema polepole. "Baba amelala ndani, na mimi nikakupa pole wewe."

Simu ikakatwa.

Alikwenda Bukura mara nyingi; Pascalia hakutoka. Akaanza kujaza regula, makusudi, na kuikanyaga Jagua kwenye kila mlima. Kibiwott alimwonya, hakusikia. Hatimaye Pascalia mwenyewe akampigia: amehamishiwa chuo cha Embu, ana masanduku mazito, je, atampeleka stendi?

Siku hiyo Pascalia alivaa sketi ya bluu na sweta nyeupe. Alikuwa amekonda. Walipoanza kupanda mlima kuingia mjini, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko.

"Ni nini hicho?"

"Regula."

"Siku hizi ndiyo unaiwekea?"

"Ndiyo."

Pascalia akatazama nje, mashamba ya miwa yakipita.

"Ya nini, Osundwa? Hakuna mtu ananingoja Lugari tena."

Phanuel aliegesha pembeni.

"Pascalia, nioe. Yaani... nikuoe. Naomba unisamehe, nikuoe."

Pascalia akacheka kidogo, kicheko cha zamani, kisha machozi yakafuata.

"Nimekusamehe kitambo. Ungekuja siku ile ukiwa umechelewa tu, ningekusamehe hapohapo. Lakini kila ukinichelewea jikoni, sokoni, hospitalini, nitajiuliza umekwenda kutafuta nini kilicho bora kuliko mimi. Siwezi kuishi hivyo. Wala wewe huwezi."

Stendi, alimpandishia masanduku juu ya basi. Pascalia akaketi dirishani, akanyoosha mikono nje, akamfunga kifungo cha kola kama mke.

"Nikikupigia simu huko, utapokea?" Phanuel aliuliza.

"Nitapokea," alisema, basi likianza kusogea. "Ndiyo maana nakuomba usipige."

Msimu huo matrekta yalileta miwa mingi kuliko mwaka wowote, na Phanuel alishinda ofisini toka asubuhi, simu nyeusi ikiwa mezani mbele yake. Mara kadhaa aliinyanyua, akaisikiliza ikinguruma. Hakupiga.